Kwa nini upande mmoja wa amplifaya huchemka?

Joto la kiangazi katika jimbo la Texas nchini Marekani si jambo la mzaha. Mwaka 2011 eneo la Dallas na Fort Worth lilipata siku 71 ambazo joto lilifikia karibu nyuzi 38 za sentigredi au zaidi. Mjini Houston, ambako hewa ya pwani huongeza unyevunyevu, kipimo kilikaribia nyuzi 43 mwezi Septemba mwaka 2000.

Miji hiyo ni makazi ya maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili: Wakenya, Watanzania, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo. Panapokuwa na arusi, mazishi, harambee au ibada ya Jumapili, amplifaya huwa haiko mbali. Mara nyingi chombo hicho kimenunuliwa kikiwa kimekwishatumika, na mara nyingi kimewekwa katika gereji au ukumbi usio na hewa ya kutosha.

Hapo ndipo linapotokea tatizo linalofahamika kwa mafundi wengi. Amplifaya ya stirio ina pande mbili, kushoto na kulia. Baada ya nusu saa ya muziki, upande mmoja umepata uvuguvugu tu, lakini upande wa pili haushikiki kwa mkono. Mwenye chombo huitupia lawama hali ya hewa, huweka feni juu yake, na kuendelea na shughuli.

Lakini hali ya hewa haiwezi kubeba lawama hiyo peke yake. Hewa ya chumba huzigusa pande zote mbili kwa usawa. Pande hizo zimetengenezwa kwa mpango mmoja, zinatumia vipuri vya aina moja, na kwa kawaida zinapata umeme kutoka transifoma moja. Kwa hiyo upande mmoja ukichemka na mwingine usichemke, ipo sababu inayouhusu upande mmoja tu, na sababu hiyo inaweza kutafutwa na kupatikana.

Mafuta ya moto na wimbo uliokatika

Suala la joto na vyombo vya sauti lina historia ndefu katika mji wa Dallas. Miaka ya mwanzo ya 1950 transista, yaani kile kipuri kidogo kinachokuza nguvu ya umeme, ilitengenezwa kwa madini ya jemaniamu. Transista hizo zilifanya kazi vizuri kwenye ubaridi, lakini joto lilipopanda zilishindwa kabisa.

Gordon Teal, mwanasayansi mzaliwa wa Dallas, alirejea katika mji huo mwaka 1953 na kujiunga na kampuni ya Texas Instruments. Yeye na wenzake walitafuta njia ya kutengeneza transista kwa silikoni, ambayo huvumilia joto kuliko jemaniamu. Mwezi Mei mwaka 1954, katika mkutano wa wahandisi mjini Dayton, jimbo la Ohio, Teal alitangaza kwamba transista za silikoni zilikuwa tayari kuuzwa.

Uthibitisho aliouonyesha ulikuwa wa amplifaya. Santuri ilikuwa ikicheza, na transista za jemaniamu za amplifaya yake zikatumbukizwa katika mafuta ya moto. Sauti ikakatika. Kisha zikatumbukizwa transista za silikoni katika mafuta hayo hayo, na muziki ukaendelea kama kawaida.

Tangu wakati huo amplifaya za transista zimeimarika sana. Hata hivyo silikoni nayo ina mpaka wake. Transista nyingi za nguvu zenye umbo la plastiki hazitakiwi kuzidi nyuzi 150 za sentigredi ndani yake, na zile za chuma, kama vile 2N3055 inayojulikana sana na mafundi wa Afrika Mashariki, mpaka wake ni nyuzi 200. Ikumbukwe kwamba kipimo hicho ni cha ndani ya transista. Nje, pale mkono unapogusa, joto huwa ni dogo kuliko hilo.

Joto hutoka wapi

Kila upande wa amplifaya huwa na angalau transista mbili kubwa za kusukuma spika. Moja hushughulikia nusu ya juu ya wimbi la sauti, na nyingine nusu ya chini. Ili sauti isikwaruze wakati kazi inapohama kutoka transista moja kwenda nyingine, zote mbili hupitishiwa umeme kidogo hata kama hakuna muziki wowote. Umeme huo huitwa mkondo wa utulivu.

Tuchukue mfano. Amplifaya yenye volti 35 chanya na volti 35 hasi ina jumla ya volti 70 kati ya ncha mbili. Mkondo wa utulivu ukiwa miliampea 30, joto linalozalishwa upande huo ni wati 2 na kidogo tu. Bamba la kupoza huliondoa joto hilo bila shida. Lakini mkondo huo ukipanda hadi nusu ampea, joto hufikia wati 35, na hapo hakuna hata wimbo mmoja uliopigwa.

Hatari kubwa iko katika tabia ya transista yenyewe. Kadiri inavyopata joto, ndivyo inavyohitaji volti ndogo zaidi ili kupitisha umeme ule ule. Upungufu huo ni takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Kama volti za kuiamsha hazipunguzwi, transista yenye joto hupitisha umeme zaidi, umeme huo huongeza joto, na joto huongeza umeme tena. Mzunguko huo ukianza, unaweza kuiua transista kwa muda wa dakika chache, na transista ikifa mara nyingi huondoka na spika.

Watengenezaji huuzuia mzunguko huo kwa kuweka mlinzi. Mlinzi huyo ni transista ndogo, au wakati mwingine diodi, inayofungwa juu ya bamba lile lile la kupoza. Bamba likipata joto, mlinzi hulihisi na kupunguza volti zinazokwenda kwa transista kubwa. Skrubu ya mlinzi huyo ikilegea, au grisi ya kupitisha joto ikikauka, basi hahisi tena kinachotokea. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kwanza kuchunguzwa upande mmoja unapochemka.

Uchunguzi kabla ya kufungua chombo

Kazi kubwa ya uchunguzi inaweza kufanyika bila kugusa skrubu hata moja. Kanuni yake ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kila mara amplifaya izimwe kwanza na kuachwa ipoe.

Hatua ya kwanza ni kuangalia kitufe cha kugawa sauti kati ya kushoto na kulia. Kikiwa kimeegemea upande mmoja, upande huo utafanya kazi zaidi.

Hatua ya pili ni kubadilishana spika. Spika ya kushoto iwekwe kulia, na ya kulia iwekwe kushoto, pamoja na waya zake. Ikiwa joto nalo limehama, kosa haliko ndani ya amplifaya. Liko katika spika au katika waya. Uzi mmoja wa waya uliochomoza nyuma ya amplifaya na kugusa upande wa pili unatosha kuleta shoti.

Vile vile, watu wengi huunganisha spika mbili upande mmoja ili sauti ifike mbali. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Kwa sauti ile ile, amplifaya hulazimika kutoa umeme mara mbili, na transista za upande huo huzalisha joto mara mbili. Amplifaya ambayo haikuandikwa nyuma yake kwamba inakubali omu 4 haipaswi kubebeshwa mzigo huo.

Hatua ya tatu ni kubadilishana waya zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, simu au mikisa. Joto likihama, chanzo ni kile kinacholeta sauti.

Hatua ya nne ni kuondoa kila kitu, spika pamoja na waya za kuingiza sauti, na kuiwasha amplifaya ikiwa tupu huku mtu akiwa karibu nayo. Ikiwa upande ule ule unapata joto bila spika na bila muziki, basi ugonjwa uko ndani. Ikiwa pande zote zimekaa baridi, na joto huja tu wakati wa muziki, basi uchunguzi urudi kwenye spika na waya zake.

Upande upi ni mgonjwa?

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wenye uzoefu hulisahau. Upande wenye joto si lazima uwe ndio mgonjwa. Katika baadhi ya amplifaya, uvuguvugu wakati wa mapumziko ni hali ya kawaida. Yawezekana upande ulio baridi ndio uliopoteza mkondo wake wa utulivu, na dalili yake ni sauti yenye mikwaruzo inapopunguzwa sana.

Na lipo jambo la pili, la hatari zaidi. Transista iliyolegea kwenye bamba la kupoza huungua yenyewe huku bamba likiwa baridi, kwa sababu joto halina njia ya kutoka. Mkono unaogusa bamba hudanganyika. Ndiyo maana mkono pekee hautoshi, na mita ya kupimia umeme inahitajika.

Ndani ya chombo

Kufungua amplifaya ni kazi ya mtu anayejua umeme. Umeme wa nyumbani nchini Marekani ni volti 120, na unaua. Isitoshe, kapasita kubwa zilizomo ndani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi huzipima kwanza, na kama bado zina umeme huutoa polepole kwa kutumia rezista. Kuzipiga shoti kwa bisibisi ni hatari kwa macho, mikono na kwa kapasita zenyewe.

Mafundi wengi pia hupitisha umeme wa kuingia kwenye amplifaya kupitia balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60 au 100. Balbu hizi mpya za kubana matumizi hazifai kwa kazi hiyo. Ikiwa ndani hakuna shoti, balbu humulika mara moja kisha hufifia. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti, lakini balbu imeuzuia umeme usilete madhara zaidi.

Vipimo viwili hutoa habari nyingi. Cha kwanza huchukuliwa mahali spika zinapofungwa, pasipo spika wala muziki. Hapo pasionekane umeme wa mkondo mmoja, kama ule wa betri, isipokuwa milivolti chache tu. Makumi machache ya milivolti yanavumilika. Zikionekana volti kadhaa, transista imekufa au hatua iliyo kabla yake ina kasoro, na spika isiunganishwe kabisa, kwa kuwa umeme huo utaiunguza.

Kipimo cha pili ni cha mkondo wa utulivu. Kila transista kubwa huwa na rezista nene yenye omu ndogo sana, mara nyingi 0.22. Fundi hupima volti kati ya ncha mbili za rezista hiyo na kuzigawa kwa omu zake. Milivolti 6.6 zina maana ya miliampea 30. Milivolti 110 zina maana ya nusu ampea, na hapo sababu ya joto imepatikana. Vipimo vya pande zote mbili huandikwa kwenye karatasi na kulinganishwa na kile kinachotajwa na kitabu cha mtengenezaji. Kwa kuwa balbu hupunguza volti, kipimo cha mwisho huchukuliwa bila balbu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna shoti.

Mkondo ukiwa juu upande mmoja tu, washukiwa ni wachache. Kuna rezista ndogo ya kurekebisha, ambayo baada ya miaka mingi huingia vumbi na kutu. Kuna yule mlinzi wa joto: akiwa amekatika, katika mipango mingi ya amplifaya mkondo hupanda hadi mwisho. Na kuna grisi iliyokauka.

Mshukiwa wa mwisho hasikiki. Wakati mwingine upande mmoja hutetemeka kwa kasi kubwa mno kuliko uwezo wa sikio, na hupata joto huku chumba kikiwa kimya. Kipimo cha mita hakitulii, na huweza kubadilika mkono unaposogezwa karibu. Amplifaya nyingi zina rezista ndogo na kapasita karibu na mlango wa spika kwa ajili ya kuzuia mtetemo huo. Rezista hiyo ikionekana imegeuka kahawia kwa kuungua, hiyo ni dalili kubwa kwamba mtetemo umekuwapo.

Vipuri na gharama ya njia ya mkato

Kwa miaka mingi wakazi wa Texas hawakupata taabu ya vipuri. Charles Tandy wa Fort Worth aliichukua kampuni ya RadioShack mwaka 1963, na kutoka mji huo ikaeneza maduka ya elektroniki kote Marekani. Amplifaya zake zenye jina la Realistic bado zinaonekana katika magereji na minada ya vitu vilivyotumika. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika mwezi Februari mwaka 2015, na tangu hapo wengi huagiza vipuri kwa njia ya intaneti.

Njia hiyo ina mtego wake, sawa na ilivyo katika barabara ya Luthuli mjini Nairobi au Kariakoo mjini Dar es Salaam. Transista za nguvu zinazotafutwa sana hughushiwa. Jina la nje ni lile lile, lakini kipande cha silikoni kilichomo ndani ni kidogo na hakiwezi kubeba mzigo ulioandikwa. Bei ya chini kupita kiasi ni onyo la kutosha.

Transista moja ikifa, ni busara kubadilisha jozi nzima ya upande huo na kuzikagua rezista zake. Karatasi ya maika, inayoitenga transista na bamba kwa upande wa umeme, isiwe na ufa, na grisi ipakwe kidogo tu. Ikipakwa nyingi, yenyewe hugeuka kizuizi cha joto.

Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha fyuzi kwa waya au kwa karatasi ya sigara. Fyuzi inapokatika mara kwa mara, inatoa taarifa ya shoti au ya mkondo uliozidi. Ikinyamazishwa, umeme utatafuta kitu kingine cha kuunguza, na katika gereji yenye mbao na makaratasi, kitu hicho chaweza kuwa nyumba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Feni nayo ina nafasi yake. Bamba linalozidi joto la hewa kwa nyuzi 35 litafika nyuzi 60 katika chumba cha nyuzi 25, lakini litafika nyuzi 75 katika gereji ya nyuzi 40. Kuacha nafasi juu ya amplifaya na kuipepea ni msaada wa kweli kwa chombo kizima. Lakini feni iliyowekwa ili kuficha tofauti kati ya pande mbili huahirisha tu siku ya kuungua.

Kwa wale wanaosafirisha amplifaya kutoka Texas kwenda nyumbani, kuna tahadhari ya ziada. Umeme wa Afrika Mashariki ni kati ya volti 230 na 240, karibu mara mbili ya ule wa Marekani. Chombo kisicho na swichi ya kubadilisha volti huhitaji transifoma ya kuzishusha. Aidha, transifoma iliyotengenezwa kwa ajili ya mizunguko 60 tu kwa sekunde hupata joto zaidi inapotumia mizunguko 50. Joto la namna hiyo hutokea kwenye transifoma yenyewe. Haliwezi kueleza kwa nini upande mmoja unachemka na mwingine haukuchemka.

Kwa hiyo amplifaya yenye upande mmoja unaochemka isipakiwe kwenye kontena kwa matumaini kwamba fundi wa nyumbani atajionea mwenyewe. Ichunguzwe kwanza, wakati upande wa pili ungali mzima. Fundi mwenye upande mzima wa kulinganisha nao anajua kipimo cha kawaida kilikuwa kipi. Zikifa zote mbili, itambidi kukisia.